Teksi za angani: jeti ndogo ziliahidi kazi kwa maelfu ya marubani, zilienda wapi?

Huku kwetu, mzazi akisema mtoto wake anaenda kusoma urubani, kila jirani anageuka kumwangalia. Ni masomo ya bei kali. Familia inauza parseli, inauza ngombe, wajomba wa Kinshasa na wale wa Ulaya wanachanga, kisha kijana anaenda Afrika ya Kusini, Nairobi, ao Marekani kwa wale wenye kuweza. Siku hizi matangazo ya masomo hayo yanazunguka sana kwenye WhatsApp na Facebook, na mengi yana picha ya aina moja: jeti ndogo nyeupe, viti vinne vya ngozi, rubani kijana mwenye miwani nyeusi. Chini yake wanaandika kama dunia inakosa marubani na kama teksi za angani zinakuja kuajiri.

Ile picha ina historia yake. Ilianzia Marekani, kati ya mwaka 1998 na 2009, zaidi katika mji wa Albuquerque na katika jimbo la Florida. Kazi nyingi ziliahidiwa, feza mingi sana ikaingia, kisha kwa muda wa miezi michache yote ikaanguka. Mzazi ni vizuri aijue mbele ya kusaini karatasi yoyote, juu ahadi ni ileile, imebadilisha nguo tu.

Ndege ya bei ya gari? Karibu

Tuanze na ndege yenyewe. Wanaita jeti nyepesi sana ile ambayo uzito wake wakati wa kupaa hauzidi karibu kilo 4,500. Inabeba watu 4 ao 5, ao zaidi kidogo, na sheria inaruhusu rubani mmoja peke yake aiendeshe. Kwa kulinganisha, Let 410 tunayoizoea Kivu na Maniema inapita kilo 6,000. Caravan iko karibu na uzito wa hizo jeti, ila inaenda na propela moja, polepole, na inaweza kubeba watu mara mbili yao.

Mwaka 1998, bwana mmoja Vern Raburn, aliyekuwa ametoka kwenye biashara ya kompyuta, alianzisha kampuni Eclipse Aviation. Wazo lake lilikuwa la kikompyuta kweli: tengeneza ndege nyingi, zote sawasawa, na bei itashuka. Wakati jeti ya bei ya chini ilikuwa inapita milioni 3 za dola, yeye alitangaza Eclipse 500 chini ya milioni 1. Watu wakaanza kuweka malipo ya mbele. Kampuni ikawa inasema iko na oda zaidi ya 2,000, namba ambayo hakuna jeti ya abiria binafsi iliyokuwa imewahi kuifikia.

Ndege iliruka mara ya kwanza Agosti 2002. Injini zake hazikufaa. Ikabidi kubadilisha, wakachukua za Pratt & Whitney Canada, kampuni ileile inayotengeneza injini ya Caravan inayopita juu ya vichwa vyetu. Hiyo ilikula miaka. Ruhusa kamili ya serikali ilitoka Septemba 2006, na bei ikawa inapanda kila mara: ikapita milioni 1 na nusu, na mwaka 2008 ikapita milioni 2. Wakati huohuo wakubwa nao wakaingia: Cessna na Citation Mustang yake, Embraer ya Brazil na Phenom 100. Hata FAA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia anga, lilitoa utabiri wakati ule kama mwaka 2017 kutakuwa na jeti za aina hii karibu 5,000.

Sasa fanya hesabu vile vijana wa wakati ule walivyoifanya. Ndege ya teksi inayofanya kazi kila siku inaomba marubani 4 ao 5, juu mtu lazima alale na apumzike. Ndege 5,000, hata nusu yake tu ikiwa teksi, ni kazi zaidi ya 10,000. Shule za urubani zilifurahi. Ni nani hangefurahi?

DayJet: taxi-bisi ya mbinguni

Kampuni iliyobeba ndoto yote ilikuwa DayJet, ya Florida. Mwenye kuianzisha, Ed Iacobucci, alikuwa amejulikana kwa kampuni ya programu za kompyuta, Citrix. Alikuwa mteja mkubwa kuliko wote wa Eclipse: oda na ahadi za kununua zikijumlishwa zilipita ndege 1,000.

Wazo lake haliko gumu kueleweka kwa mtu wa Bukavu ao Bunia. Kila mtu aliyepanda taxi-bisi kwenye parkingi anajua: gari haiendi mpaka ijae. Iacobucci alitaka kompyuta ndiyo ifanye kazi ya yule kijana anayeita abiria. Mteja anasema, nataka kutoka mji huu kwenda mji ule, niko na nafasi kati ya saa mbili na saa sita. Akikubali kungoja zaidi, bei inashuka. Akitaka saa yake kamili, analipa zaidi. Kompyuta inachanganya maombi yote, inaangalia nani anaweza kukaa na nani, na inapanga ndege. Alikuwa anauza kiti, siyo ndege nzima. Hapo ndipo kulikuwa upya wake.

Walianza Oktoba 2007, na miji mitano ya Florida: Boca Raton, Gainesville, Lakeland, Pensacola na Tallahassee. Miji ya kati, ambayo ndege kubwa haziitumikii vizuri, na mtu wa biashara angepoteza siku nzima kwa gari. Ndege zilikuwa 28. Kila moja ilibeba marubani wawili na abiria watatu.

Marubani wawili kwa abiria watatu. Tusimame kidogo hapo, juu mambo yote yanatoka hapo.

Boeing 737 ya abiria 160 inaendeshwa na marubani wawili vilevile. Mshahara wa wale wawili unagawanywa kwa watu 160. Katika jeti ndogo unagawanywa kwa watu watatu, tena siku ikiwa nzuri. Serikali ilikuwa inakubali rubani mmoja, lakini watu wa bima na wateja wenyewe walitaka wawili, na haki wako nayo. Kwa hiyo kile kinachofanya rubani afurahi, yaani kazi nyingi kwa ndege chache, njo kilekile kinachomuua mwenye kampuni.

Tuchukue mfano, na ni mfano tu, siyo bei ya kampuni fulani. Tuseme saa moja ya kuruka inakula dola 1,500 ukiunganisha mafuta, matengenezo, bima, mishahara na deni la ndege. Viti vitatu vikijaa, kila mtu dola 500. Akiwa mmoja, ni 1,500. Na ikirudi tupu, kwa sababu kule ilikoenda hakuna mtu wa kurudi naye, yule mmoja anapaswa kulipia 3,000. Hata motari wa Birere anajua hii: ukimpeleka mtu mbali na hakuna wa kurudi naye, siku yako imekwisha. Kompyuta ya DayJet ilikuwa na akili, lakini akili haileti abiria. Ili iweze kupanga vizuri ilihitaji ndege mamia na wateja maelfu, na ili ipate wateja maelfu ilihitaji kwanza kuwa na ndege mamia. Katikati ya hizo mbili ni feza ya kungojea.

Mwaka 2008 hakukuwa na feza ya kungojea. Julai mafuta ghafi yalifika dola 147 kwa pipa. Benki zilikuwa zimeanza kufunga milango. DayJet ilikuwa imekwisha kupunguza wafanyakazi mwezi wa Mei na kuweka sehemu ya ndege pembeni, na ilikuwa inatafuta milioni 40 za dola ili iendelee. Hazikupatikana. Benki Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba 2008. DayJet ilisimamisha ndege tarehe 19 Septemba, siku nne baadaye. Haikumaliza mwaka mmoja ikibeba abiria.

Eclipse, iliyokuwa imempoteza mteja wake mkubwa, ilifuata. Ndege yake yenyewe ilikuwa na matatizo. Juni 2008, moja ilikuwa inatua Chicago na injini zote mbili zikabaki kwenye nguvu ya juu, rubani akikata haitii. Walitua, matairi yakapasuka, hakuna aliyekufa. Septemba bunge la Marekani likauliza FAA vile ilivyotoa ruhusa. Novemba kampuni ikaomba ulinzi wa korti, na mwanzo wa 2009 ikafungwa. Ilikuwa imetoa ndege karibu 260 tu. Wateja waliokuwa wamelipa mbele kwa ndege ambazo hazikutoka, wengi hawakuziona tena feza zao.

Rubani aliyebaki na karatasi

Magazeti ya biashara yaliandika sana juu ya wenye kampuni. Juu ya marubani hayakuandika sana. Lakini tuangalie upande wao.

Rubani wa jeti anahitaji ruhusa ya aina ya ndege ile anayoendesha. Aliyejifunza Eclipse hawezi kesho yake kukaa kwenye Boeing. Hiyo ruhusa inaomba masomo mengine na feza ingine. Sasa kampuni pekee kubwa iliyotumia Eclipse ikifunga, ile karatasi yako inafanya kazi wapi? Kwa tajiri fulani aliyenunua moja, labda. Lakini matajiri wengi walionunua hizi jeti walizinunua ili waziendeshe wenyewe. Njo maana zilijengwa kwa rubani mmoja. Ndege ikiuzwa kwa mtu wa namna hiyo, ni kazi kwa kiwanda na kwa fundi, haiko kazi kwa rubani.

Tena mlango wa pili ulifungwa wakati uleule. Desemba 2007 Marekani ilibadilisha sheria: marubani wa kampuni kubwa waliopaswa kupumzika na miaka 60 wakaruhusiwa kufika 65. Wazee hawakutoka, vijana hawakupanda. Kisha, tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na watu 50 wakafa. Familia za marehemu zilifuata bunge mpaka sheria ikabadilika, na tangu 2013 rubani msaidizi wa kampuni za ratiba anapaswa kuwa na saa 1,500 za kuruka, akiwa amepita chuo kikuu ao jeshi wanapunguza kidogo. Mbele ya hapo kijana mwenye saa 250 aliweza kuanza. Na kwa jeti ya teksi yenye kubeba abiria, kapteni naye anaombwa leseni ya juu kabisa, ile inayotaka saa hizohizo 1,500.

Shule inakupa saa 200 ao 250. Kati ya 250 na 1,500 kuna saa 1,250 ambazo tangazo haliziongelei. Ukitaka kuzinunua kwa dola 150 kwa saa kwenye ndege ndogo ya kukodi, ni dola 187,500. Hakuna familia ya Goma inaweza hiyo. Wamarekani wenyewe wanazipata kwa kufundisha wengine: unamaliza shule, unakuwa mwalimu palepale, unaruka na wanafunzi mwaka mmoja na nusu, miwili. Lakini mgeni aliyeingia na viza ya masomo ya ufundi haruhusiwi kufanya kazi hiyo kama mwenyeji. Ni hapo vijana wengi wa Afrika wanarudi nyumbani na leseni safi na saa chache.

Majina mapya, hesabu ya zamani

Mtu atasema, hiyo ni ya 2008, dunia imebadilika. Tuangalie basi.

JetSuite, iliyoanza na Phenom 100 huko California, iliomba ulinzi wa korti mwaka 2020 wakati wa Covid. HondaJet, jeti ya Honda yenye injini juu ya mabawa, ilipata ruhusa Desemba 2015 na ikaleta kampuni mpya. Moja, Jet It, ilifunga Mei 2023. Ingine, Volato, iliingia kwenye soko la hisa Desemba 2023. Mwisho wa Agosti 2024 ilikuwa imesimamisha safari na kurudisha wafanyakazi wengi nyumbani. Hiyo ni miezi tisa.

Na angalia kama hiyo haikuwa miaka ya njaa ya kazi. Kati ya 2021 na 2023, baada ya Covid, kampuni za Marekani ziliajiri marubani kuliko wakati wowote wa karibuni, na mishahara ya kuanzia ikapanda sana. Mtu angefikiri teksi ndogo zingefaidika. Kumbe ziliumia: kijana akipata saa zake kwenye jeti ndogo, anaenda kampuni kubwa inayolipa vizuri. Teksi ya jeti, kwa rubani, ni daraja. Hata siku ikienda vizuri, hakuna anayejenga nyumba juu ya daraja.

Kuna waliosimama, tusiseme uongo. GlobeAir ya Austria, iliyoanzishwa 2007, ilijenga kazi yake juu ya Citation Mustang na ikapita mshituko wa 2008. Lakini Ulaya miji ya matajiri iko karibukaribu, saa moja hivi kwa jeti, na viwanja viko kila mahali. Pia wao wanauza ndege nzima, hawauzi kiti. NetJets, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, haikuchukua jeti nyepesi sana kama msingi wake. Ndogo yake ni Phenom 300, ambayo ni kubwa kuliko hizi. Mwenye feza kuliko wote katika soko aliangalia ile hesabu ya viti vitatu na akapita njia ingine.

Cessna yenyewe iliacha kutengeneza Mustang mwaka 2017, baada ya kutoa zaidi ya 470. Leo inayouzwa vizuri ni Cirrus Vision, yenye injini moja na parashuti ya kushusha ndege nzima. Iko pia na kitufe: rubani akizimia, abiria anabonyeza, na ndege inatafuta uwanja, inaongea na mnara wa kuongozea ndege, inatua yenyewe. Ruhusa yake ilitoka 2020. Ni kitu kizuri kwa abiria. Kijana anayefikiria kazi ya miaka 30 aikumbuke.

Sasa wimbi lingine limekuja, zile za umeme zinazopaa wimawima. Wajerumani walikuwa mbele, na wawili kati yao, Lilium na Volocopter, waliishiwa feza mwisho wa 2024. Joby na Archer za Marekani zinaendelea. Lakini wengi katika biashara hiyo wanasema wazi kama siku moja wanataka ndege iruke bila rubani, juu rubani anakula kiti kimoja. Angalau wao hawafichi.

Huku mashariki, teksi ya angani iko tayari

Kinachonishangaza katika matangazo ni hiki: wanauzia vijana wetu teksi ya angani kama kitu cha kesho, na sisi tumekuwa nayo siku nyingi. Mtu wa Shabunda anafikaje Bukavu wakati barabara imekufa? Kwa ndege ndogo, na gunia la mchele pembeni. Kule Walikale ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara, pa Kilambo, kuchukua madini ya kasiteriti. Ndege za MAF zinatoa wagonjwa vijijini kuwaleta Nyankunde. Hiyo ni teksi ya angani. Inafanya kazi kwa sababu hakuna njia ingine, na inafanya kazi na Caravan na Let 410, siyo na jeti.

Jeti nyepesi haiwezi kazi hiyo. Magurudumu yake ni madogo, injini haipendi mchanga, na nyingi zinataka uwanja wa lami. Ile jeti inayojulikana kwa kutua kwenye udongo, PC-24 ya Uswisi, ni kubwa kuliko hizi na inapita milioni 10 za dola. Nani ataileta Lulingu? Kwa wateja, Kongo iko na migodi mikubwa Katanga na Haut-Uélé, na migodi hiyo inakodi ndege. Lakini inakodi ya kubeba wafanyakazi wengi kwa safari moja, ao jeti kubwa ya wakubwa kwenda Johannesburg. Jeti ya watu wanne inabaki katikati, haina mwenyewe. Hapo ni maoni yangu, lakini sijaona mtu aliyeweka feza yake kunionyesha kama ninadanganyika.

Na hata hiyo kazi ya Caravan imekatwa miguu. Vita ilifika Goma mwisho wa Januari 2025, uwanja ukafungwa kwa ndege za abiria. Februari ikawa zamu ya Kavumu. Msafiri wa Goma akaanza kupita Kigali. Kazi zilizokuwa zinaanzia kwenye viwanja hivyo viwili, za rubani, za fundi, za wenye kupakia mizigo, zilisimama ao zilihama. Tuongeze na jambo la zamani: tangu 2006 Umoja wa Ulaya unaweka kampuni za ndege za Kongo kwenye orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka kwake, kwa sababu haiamini udhibiti wa serikali yetu. Watu wa mashirika wanapanda UNHAS ao ECHO Flight, na mara nyingi rubani pale mbele ametoka inchi ingine.

Kuna upande mwingine wa kutazama. Air Congo, ambayo serikali yetu iliunda pamoja na Ethiopian Airlines, ilianza kuruka Desemba 2024 na Boeing 737. Rubani wa Kongo akiwa na saa zake, anaweza kugonga mlango ule. Lakini tena, saa zake atazitoa wapi? Kwenye Caravan, kwenye Let, kiti cha kulia, miaka. Watu wa kazi hiyo wanaielewa. Ni tangazo la WhatsApp tu lisiloielewa.

Mbele ya kuuza parseli

Kwa hiyo mzazi aulize nini? Jambo la kwanza halihusu shule hata kidogo. Ni hospitali. Rubani wa kazi anapaswa kupita uchunguzi wa afya wa darasa la kwanza, mbele ya daktari aliyekubaliwa na wenye anga: macho, rangi, moyo, masikio. Mtoto afanye uchunguzi huo kwanza, kisha mulipe shule. Kulipa shule na kugundua baadaye kama haoni rangi vizuri ni hasara ambayo dola chache za daktari zingeizuia.

La pili ni lugha. Tangu Machi 2008, rubani anayeruka kimataifa anapaswa kuonyesha kiwango cha 4 cha Kiingereza kwa kipimo cha shirika la anga la dunia, na cheti hicho kinarudiwa. Mtoto aliyesoma Kifaransa tangu shule ya msingi mpaka diploma ya serikali atahitaji miezi ya Kiingereza, na miezi hiyo ni bora aifanye Goma ao Kampala kuliko kuifanya ndani ya ndege inayolipiwa kwa saa.

Kisha shule. Usiulize bei ya masomo, uliza bei mpaka leseni ya biashara mkononi, pamoja na ruhusa ya kuruka kwa vyombo na ya injini mbili, pamoja na mitihani, viza, nyumba na chakula. Marekani shule kubwa za haraka zinaomba sasa zaidi ya dola 100,000, na mgeni lazima apite kwanza uchunguzi wa usalama wa serikali. Omba waandike ni saa ngapi halisi za kuruka ziko ndani ya bei hiyo, siyo za mashine ya kuigiza. Lipa kwa vipande, kila hatua na malipo yake. Shule nyingi za urubani duniani zimefunga na feza za wanafunzi ndani, na mwanafunzi aliyekuwa amelipa yote mara moja ndiye aliyelia zaidi.

Na waulize swali hili, kisha munyamaze musikilize: wanafunzi wenu wa Afrika waliomaliza miaka miwili iliyopita, leo wanaruka ndege gani na kwa kampuni gani? Kama jibu ni picha ya jeti nyeupe, mumejibiwa. Kuna pia kampuni, Ulaya na Afrika, zinazomwomba kijana alipe ili akae kiti cha kulia na kuhesabu saa. Hiyo siyo kazi. Ni masomo mengine, na yaingie kwenye hesabu ya familia tangu siku ya kwanza.

Kuna pia milango ambayo watoto wetu hawaiangalii sana: fundi wa ndege, mpangaji wa safari, mwongozaji wa ndege kwenye mnara. Fundi mwenye leseni ya Caravan ao Let anahitajika popote ndege hizo zinapotua, haombwi saa 1,500 za angani, na masomo yake kwa kawaida hayafiki bei ya urubani. DayJet ilipofunga, ndege 28 zilibaki zimesimama, na bado kulikuwa na mtu wa kuziangalia.

Mwisho, leseni iliyotoka inchi ingine haitumiki hapa moja kwa moja. Inapaswa kukubaliwa na Mamlaka ya Anga, AAC, na hiyo kazi inafanyika zaidi Kinshasa. Kutoka Goma ao Bukavu leo, safari ya Kinshasa ina bei yake na mzunguko wake. Muiandike kwenye daftari pamoja na mengine, na kila mukinunua tikiti ya ndani mukumbuke Go-Pass, ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 2009 iliwekwa dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa ya inje.